Sikio Moja kwa Chiriku

Sehemu ya Tano: Geti la Nyuma

Hakuna geti lililowahi kunishinda mimi. La shule nililiruka mchana kweupe, mwalimu wa zamu akiniangalia, akadhani nimetumwa. La hospitali nimelipita saa ambazo hata daktari anaulizwa anakwenda wapi, shuka safi begani, nikiwasalimia wauguzi kwa kichwa. Kwenye harusi za watu nisiowajua nimekaa meza ya mbele, na kuna bibi harusi mpaka leo ananiita shemeji. Kwa hiyo nyinyi mlionionea huruma wiki nzima, asanteni, lakini huruma hiyo mngempelekea mlinzi.

Tulipoachana, mkono wa mlinzi ulikuwa kifuani kwangu.

Bado upo.

Ni mkono mzito kama gunia lililolowa, na mwenyewe wanamwita Kabati, kwa sababu akisimama mlangoni huoni kilichomo ndani. Nyuma yake geti la mabati. Nyuma ya geti uwanja. Na nyuma ya uwanja jukwaa, ambapo jioni hii anapanda Chiriku, yule mwanamke anayetunga nyimbo zake mwenyewe, anayekuliza wewe jikoni halafu unasingizia kitunguu.

Kwa ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hajalisoma, habari ni hii. Mimi ni dobi. Jina la kazini ni Mvuke, na waliolitoa hawakuwa wanasifia pasi yangu, walikuwa wanausema mdomo wangu. Mkononi nina gauni la hariri la Chiriku, limefunikwa nailoni. Pembeni yangu yupo Dada, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa, na aliyesimama kwenye mashine ya kusaga nafaka tangu nikiwa darasa la kwanza. Ile mashine imemla sikio la kushoto. La kulia nalo linaelekea huko huko. Daktari alichungulia na kitochi chake akasema mvua zikianza, tusitegemee kitu.

Dada hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Chiriku anaimba lini?"

Tiketi zilikuwa zimekwisha zamani. Mimi na mdomo wangu tukamwambia: "Nitakukalisha mahali utakapomsikia mpaka anavyovuta pumzi." Na kwa kuwa dereva wa Chiriku aliyetakiwa kuja kulichukua gauni pale dukani hakutokea, nikalibeba gauni, nikambeba na Dada, tukaja kwa miguu kwenye jua la kiangazi linalokaanga visogo.

Kabati akaniuliza mimi nani. Nikamjibu kwamba mimi ni kaka yake Chiriku, tumbo moja. Hapo ndipo gazeti lilipoisha.

Sasa Kabati akanitazama kwa upole. Upole wa mlinzi ni kitu kibaya sana.

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja. Yeye alitangulia."

"Chiriku kazaliwa peke yake," alisema. "Ameimba mwenyewe: mama alifunga mlango, mimi wa kwanza, mimi wa mwisho. Nina nyimbo zake zote kwenye simu, kijana. Lete uongo mwingine, huo haunienei."

Uwanja mzima ulikuwa na watu wenye tiketi, na mimi nimeangukia kwa mlinzi mwenye nyimbo zote.

"Mimi ni dobi wake," nikasema.

"Huo ndio mwingine?"

"Huo ndio ukweli."

"Mbona hukuanza nao?"

"Ule mwingine ulikuwa mtamu zaidi."

Hakucheka. Akanyoosha mkono ule ule wa gunia. "Lete gauni, nitalifikisha. Nyinyi zungukeni mbele mkasikilizie nje ya uzio kama wenzenu."

Nilimwangalia Dada. Nje ya uzio, kwa mtu mwenye masikio mawili, unapata muziki. Kwa Dada, nje ya uzio ni uji. Sauti inafika imevurugika, haina neno, wala hujui nani anaimba. Nilishamjaribu kwa redio ya jirani. Alitikisa kichwa, akasema, "Nasikia tu kwamba kuna kitu."

Nikalikumbatia gauni.

"Mzee wangu, hii ni hariri. Ukiishika kwa nguvu zako hizo inafika kama karatasi iliyofungiwa sambusa. Hariri inataka aliyeinyoosha ndiye aitundike, aimalizie mwilini mwa mvaaji. Likikunjika utamweleza Chiriku wewe?"

Hapo nilimgusa penyewe. Mwenye nyimbo zote hawezi kutaka kumkunjia Chiriku gauni.

"Ingia wewe basi. Na huyu?"

"Fundi wa vifungo."

Kabati akamwinamia Dada upande wa kushoto. "Mama, wewe ni fundi wa vifungo?"

Dada alikuwa anaangalia spika zilizochungulia juu ya uzio, kubwa kama milango ya ghala. Hakugeuka. Kabati akauliza tena. Dada akapangusa jasho.

"Ana dharau huyu."

"Hana dharau. Sikio la upande huo lilishahama. Zunguka."

Akazunguka. Upande wa kulia akakuta pamba. Dada alipoona kivuli cha mtu mkubwa akaichomoa kwa vidole viwili, taratibu, kama anayefungua chupa ya manukato.

"Samahani, baba, nilikuwa nimefunga duka," alisema, kwa sauti ya watu wa mashine, sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Pamba ya nini na joto hili?"

"Nalibania. Nimelibakiza la kumsikilizia huyu."

Kabati alitazama pamba, akatazama jukwaa, akatazama viatu vyake. Nikajisemea, tayari, tumepita. Nikapiga hatua mbili, na Dada mbili.

"Mmoja," alisema Kabati. "Nimeambiwa gauni na anayelileta. Sikuambiwa familia. Mama atakaa hapa kivulini, nitampa kiti changu. Zaidi ya hapo nitafukuzwa kazi mimi."

Kwa hiyo hilo geti, mnaoweka hesabu, lilinishinda nusu. Na nusu iliyobaki nje ndiyo iliyokuwa na sikio.

"Nakuja kukuchukua," nilimwambia Dada sikioni.

"Nenda," akasema. "Ukirudi mikono mitupu usinidanganye kwamba hajafika. Spika zinatetemeka, nasikia kwa miguu."

Ndani ya geti kidogo, vijana wa kamati ya tamasha walikuwa wanawamwagia watu maji kwa mpira ili wasizimie kwa joto. Nikainama juu ya gauni nikapita mbio.

Hema la wasanii lilikuwa nyuma kabisa ya jukwaa, karibu na jenereta. Ndani kulikuwa na meza ya maji, kioo kilichoegemezwa kwenye spika mbovu, na mwanamke mwenye simu mbili na miwani juu ya kichwa. Alikuwa anatafuta miwani.

"Iko kichwani," nikasema.

"Wewe nani?"

"Gauni."

Akaishusha miwani, akaniona, na uso wake ukafanya kama wa mtu aliyepigwa na harufu. Huyu ndiye meneja. Wote wanamwita Bosi, na hata wasiofanya kazi kwake wanajikuta wanamwita hivyo hivyo.

"Gauni mwisho lilikuwa mchana. Mchana! Sasa jua liko wapi? Hebu toka nje ulitazame jua, uniambie liko wapi."

"Limeinama kidogo, Bosi."

"Uwanja huu umepakana na wodi za wagonjwa. Jua likizama, spika zinazimwa, hiyo ndiyo ruhusa tuliyopewa. Watu wamesimama tangu saa nane wanamngoja, na yeye bila gauni la shangazi yake hapandi jukwaa la nje. Unajua ni nyimbo ngapi zimekufa kwa sababu ya gauni hili?"

Kwenye kona, juu ya kreti lililopinduliwa, alikaa mwanamke mdogo mwenye kandambili, akikaza nyuzi za gita. Nilimdhania msaidizi. Kisha akaguna ili kupima uzi, na nywele za mikono yangu zikasimama. Ni yeye. Nilimtegemea mrefu. Sauti ile ilikuwa imenidanganya miaka yote.

"Usimgombeze, Bosi," alisema Chiriku bila kuinua kichwa. "Gauni limefika. Tunaanza na nini?"

"Tunaanza na za kucheza, watu wachangamke. Ile ya gita peke yake nimeitoa. 'Nimekuachia Taa' leo haipo."

Wasomaji wangu, mimi nimewahi kuungua na pasi mpaka ngozi ikabaki kwenye chuma. Maumivu yale niliyavumilia nikiimba. Haya niliyapata nimesimama, hakuna aliyenigusa.

Kwa sababu 'Nimekuachia Taa' ndio wimbo wenyewe. Zile za kucheza zina ngoma na tarumbeta, na kwa sikio la Dada zinageuka mashine ya kusaga. Daktari mwenyewe alisema: kitu kimoja, karibu, polepole, hapo anaweza kupata. Wimbo mmoja tu wa Chiriku una kitu kimoja, karibu, polepole. Na umeondolewa kwa sababu gauni limechelewa.

Nilipiga magoti. Sikupanga. Magoti yalitangulia, mimi nikafuata.

"Bosi, toa zote. Acha huo."

"Inuka, unachafua gauni."

Nikalinyanyua gauni juu ya kichwa, nikabaki chini. "Dada yangu yuko getini. Ana sikio moja, na hilo moja linaaga. Ametembea na pamba tangu kiangazi kianze, hazungumzi na mtu ila kwa lazima, kazini kwake wanadhani ameokoka. Anabania, Bosi. Anambania huyu. Mvua zikija hatasikia hata radi."

"Kila tamasha kuna mgonjwa getini," alisema Bosi, lakini chini chini, huku akitazama upande.

Nyuzi za gita zikanyamaza.

"Yuko geti gani?" aliuliza Chiriku.

"La nyuma. Kwenye kiti cha Kabati."

"Kabati amempa mtu kiti chake?" Chiriku akainuka. "Basi si wa mchezo. Mleteni."

Kabati mwenyewe ndiye aliyemleta, amemshika kiwiko kama anapeleka trei ya mayai. Dada aliingia hemani akikodoa macho kwa sababu ya kivuli. Alimwona mwanamke mdogo wa kandambili akamsalimia kama unavyomsalimia mtu wa kawaida, habari za kazi. Halafu akamjua. Akanishika mkono, kucha zikaingia.

Chiriku hakuuliza upande gani. Alitazama kichwa kilivyoinama, akaenda kulia.

"Karibu, dada yangu. Nimeambiwa unautaka ule wa taa."

"Ndiyo."

"Kwa nini huo? Wengi wanaona unalaza."

Dada alifikiri. "Nilikuwa nauimba kazini, mashine ikiwaka. Miaka mingi. Hakuna aliyenisikia, na mimi mwenyewe sikuwa najisikia. Nasikia tu koo linatikisika. Sasa nataka nijue ukoje ukiimbwa."

Bosi aliishusha miwani akaifuta, na haikuwa chafu. Kabati akatoka nje kwa ghafla, kana kwamba ameitwa.

Chiriku akavuta pumzi, na Dada akageuza sikio haraka kuifuata. Ile pumzi aliipata. Niliona usoni.

"Tunaanza na huo," alisema Chiriku. "Gita na mimi, basi. Na yeye anapanda na mimi. Wekeni kiti jukwaani, kushoto kwangu, sikio lake liwe mdomoni mwangu. Bosi, usiseme kitu."

"Sijasema."

"Ulitaka."

"Nilitaka kusema kiti kiwe na mto."

Hivi ndivyo maji yanavyopanda mlima, wasomaji. Dobi mmoja, magoti mawili, na kiti jukwaani. Mpiga gita wa bendi yake akatumwa juu na gita la pili kupima sauti. Kiti kikapelekwa. Mimi nikaanza kuandaa maneno ya kujisifu kwa wiki tatu.

"Haya, gauni," alisema Chiriku.

Nikalivua nailoni.

Gauni lile lina rangi ya papai lililoiva, na shangazi yake alilishona kwa mkono, mshono kwa mshono. Nililishika mabegani nikalifungua mbele ya mwanga wa mlango. Na hapo kifuani, pana kama viganja viwili, kulikuwa na madoa. Pete pete ndogo, zimekoza pembeni na kupauka katikati, zimetawanyika kama mtu alipiga chafya ya wino.

Somo la kwanza la udobi, hata kabla hujaonyeshwa pasi, ni hili: hariri hairashiwi maji. Pamba unarashia, kitani unarashia, hariri unailowesha yote au unaiacha yote. Tone likitua peke yake na kukauka peke yake, linaacha pete. Hilo hata mtoto wa dobi analijua akiwa tumboni.

"Nini hii?" aliuliza Bosi.

"Matone," nikasema.

"Naona ni matone. Ya nani?"

"Inatoka. Nikilowesha kipande chote, nikipiga pasi kwa nyuma…"

"Una pasi hapa? Una muda?"

Chiriku alilichukua gauni akapitisha kidole kwenye pete moja. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. "Shangazi alinikataza kulivaa mvuani," alisema. "Nitafunga mtandio juu. Lakini niambieni limetokewa na nini."

Macho yote kwangu. Na kutoka uwanjani, kupitia turubai, watu elfu na zaidi walianza kuliita jina lake kwa pamoja.

Nikapiga hesabu haraka. Kiti kipo. Wimbo upo. Kati ya Dada na kiti kuna hatua chache tu za ngazi, na katikati ya hatua hizo kuna swali.

"Dereva," nikasema.

"Dereva kafanya nini?"

"Hakuja. Nimemsubiri tangu asubuhi, gauni limenyooshwa, limetundikwa, hakuna mtu. Ningefanyaje? Nimelibeba kwa miguu. Na pale getini wanamwagia watu maji kwa mpira. Angekuja na gari lisingepata tone."

Bosi akafungua pazia. "Kabati, huko getini kuna maji?"

"Yapo, Bosi. Wanamwagia tangu mchana."

Mwaona? Hata Kabati, aliyekataa uongo wangu wa kwanza, huu aliubeba mwenyewe akauingiza ndani.

Dereva aliitwa. Ni mtu wa makamo, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, mwenye tabia ya kusimama kama anasikiliza injini. Aliponiona alisimama vizuri zaidi.

"Mchana ulikuwa wapi?" aliuliza Bosi.

"Nilikwenda kwa dobi, Bosi. Nilikuambia. Huyu kijana alisema bado bichi, nirudi baadaye. Niliporudi duka lilikuwa limefungwa."

"Mimi?" nikasema. "Mzee, unanifananisha. Dukani nipo mimi peke yangu, na mimi sijakuona mpaka sasa hivi."

"Kijana, ulinishikisha gauni."

"Ningekushikisha lini, mzee wangu, na hukuja?"

Nilisema kwa heshima. Heshima ndiyo inayoua. Dereva hakuwa mtu wa maneno, ni mtu wa barabara, na mimi maneno ndiyo mshahara wangu.

"Wiki jana ulisema ulikwenda uwanja wa ndege, ukasema wageni hawakutokea," alisema Bosi. "Leo unasema ulikwenda kwa dobi. Kila mara umekwenda, na kila mara mimi nakaa hapa nangoja. Acha funguo mezani. Tutakutafutia hesabu yako kesho."

"Bosi, nina…"

"Kesho."

Dereva alichomoa ufunguo wa gari kutoka kwenye kishikio chake. Ulikuwa mgumu kutoka, akautoa kwa kucha, pole pole, na hakuna aliyemsaidia. Mimi nilitazama pengine. Nilijiambia kazi za udereva zipo nyingi. Nilijiambia kesho nitamtafuta, nitamwombea mahali. Sikio la Dada halina kesho. Nyinyi mngefanyaje? Msinijibu haraka.

"Tupande," alisema Chiriku, akijifunga mtandio. Lakini alikuwa anamtazama dereva.

Dada muda huo wote alikuwa upande wa ngazi, amelishika pazia, anautazama umati. Makelele ya watu yalikuwa yamemjaa sikioni. Maneno ya hemani hakuyapata hata moja. Nilimfuata.

"Twende. Kiti chako kipo juu."

Hakusogea. Alikuwa ameona ufunguo unawekwa mezani.

"Kuna nini?"

"Mambo ya gari."

"Yule namjua."

"Humjui, Dada. Twende, anakusubiri."

"Namjua," alisema, na akaniacha na mkono wangu hewani.

Alikwenda mpaka kwa dereva. Akamgeuzia sikio la kulia, lile lile, la akiba.

"Wanasemaje, kaka?"

Dereva akamwinamia. "Wanasema sikwenda kulichukua gauni, dada yangu. Nimefukuzwa."

Nilitaka kukohoa. Nilitaka jenereta lizime, umati uvunje uzio, mvua inyeshe kiangazi. Niliwahi kuomba mambo mengi maishani lakini hilo niliomba kwa nguvu kuliko yote: asiyasikie hayo maneno. Mimi, niliyekuja pale kwa ajili ya sikio lake, nikaomba lisisikie.

Lilisikia.

"Alikuja," alisema Dada.

Sauti yake ya mashine ilijaza hema. Bosi aliyekuwa na simu sikioni akaishusha.

"Alikuja mchana. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nyuma ya mashine ya kukaushia, nimeweka pamba yangu. Waliyoongea sikuyasikia. Lakini macho sikuyafanyia kazi kwenye mashine ya kusaga, macho ni mazima. Gauni lilikuwa limetundikwa, limekauka, linapepea. Huyu mdogo wangu alipomwona kaka anashuka kwenye gari, alichukua ile chupa ya kurashia, akalirashia hapa." Akajigusa kifuani. "Halafu akamshikisha. Kaka akatikisa kichwa akaondoka bila gauni, na sisi tukalileta wenyewe."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayeuliza njia.

"Nilidhani ni kazi yenu ndivyo ilivyo," aliniambia. "Nikasema yeye ndiye dobi, anajua."

Kabati alikuwa amesimama mlangoni, na kweli, hukuweza kuona kilichoko nyuma yake. Dereva aliutazama ufunguo mezani, hakuugusa. Chiriku alirudi kwenye kreti lake akakaa, gita mapajani, mtandio umefunika pete.

"Sipandi," alisema, "mpaka nijue nani kasema kweli."

"Dobi," alisema Bosi. "Ni kweli?"

Kwenye mlango wa hema jua lilikuwa limegusa ukingo wa mabati. Juu jukwaani mpiga gita, ambaye hakuwa na habari, alimaliza kupima nyuzi zake na akaanza kuita mwimbaji kwa mwanzo wa wimbo. Kitu kimoja, karibu, polepole. 'Nimekuachia Taa.'

Nilimwona Dada ameupata. Mabega yalishtuka, mdomo ukaanza kufuata. Alikuwa na nafasi ya kugeuka na kulielekeza sikio lake jukwaani, na wala nisingemlaumu.

Akalielekeza kwangu. Akasogea mpaka likawa karibu na mdomo wangu kabisa, mahali nilipomwahidi atakaposikia mpaka mtu anavyovuta pumzi.

"Sema, mdogo wangu," alisema. "Sema sasa, wakati bado nakusikia."